Ukihamia Nyamirambo

Mtu akipata kazi au nafasi ya chuo Kigali, awe ametoka Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Bukavu, mara nyingi huelekezwa kutafuta nyumba Kacyiru, Kimihurura, Nyarutarama au Kibagabaga. Nyumba za huko ni nzuri, kuta zake ni ndefu, na kodi yake inakula mshahara kabla hujanunua chumvi. Mwongozo huu ni wa yule ambaye mfuko wake haufiki huko, na pia wa yule ambaye mfuko unafika lakini anataka akifungua mlango akute watu. Nenda Nyamirambo, kusini-magharibi mwa jiji, chini ya Mlima Kigali. Kwa msemaji wa Kiswahili hakuna upande wa Kigali ulio rahisi kuanzia maisha kuliko huo.

Ila kuna jambo ulishike tangu mwanzo, maana ushauri wote unaofuata unatoka humo. Unafuu wa Nyamirambo unatengenezwa na majirani. Kodi ni ndogo kwa sababu nyumba tatu nne zinagawana ua mmoja, bomba moja na geti moja. Chakula ni cha bei ndogo kwa sababu anayekipika anaishi hatua chache kutoka kwenye jiko lake. Usalama ni wa bei ndogo kwa sababu kila kaya inachangia walinzi wa usiku. Ukija kuchukua kodi ndogo huku hutaki kujuana na mtu, kila kitu utakilipia peke yako, na mwisho wa mwezi hutaona tofauti kubwa na huko kwenye kuta ndefu.

Mtaa ulivyoanza

Kigali yenyewe si mji wa kale. Mjerumani Richard Kandt alianzisha hapo kituo cha utawala mwaka 1907, na pamoja na Wajerumani walifika askari, wapagazi, makarani na wachuuzi kutoka pande za Tanganyika, wengi wao Waislamu, wakielewana kwa Kiswahili. Msikiti wa kwanza wa Rwanda, Al-Fatah, ulijengwa mwaka 1913. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji walichukua nchi, nao waliwatazama Waislamu kwa shaka. Waliwatenga Biryogo, mahali palipoitwa Kambi ya Waswahili, na kuwabana katika kuingia na kutoka. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, hivyo watoto wengi wa Biryogo walizikosa. Kilichobaki kilikuwa biashara na kazi za mikono: udereva, ufundi wa magari, cherehani, duka. Kutoka hapo mtaa ukatambaa kupanda mlima, ukawa Nyamirambo unayoikuta leo.

Wageni hawakukoma. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 walirudi Wanyarwanda waliokulia uhamishoni Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, wengine Kiswahili kikiwa ndiyo lugha waliyochezea utotoni. Wakongo wamekuja kwa mawimbi, kila mashariki mwa nchi yao panapochafuka. Warundi walifika kwa wingi baada ya machafuko ya 2015. Wapo Waganda, wapo Watanzania, wapo wafanyabiashara kutoka Senegali na Mali. Wakati huohuo usidhani umefika mji wa Kiislamu: Waislamu ni kama asilimia 2 ya watu wa Rwanda, na hata Nyamirambo kanisa Katoliki na misikiti viko umbali wa kutembea. Jambo moja la kuangalia katika kujitambulisha: ukisema wewe ni Mswahili, wengi wataelewa kuwa unasema wewe ni Muislamu. Sema unatoka nchi gani, inatosha.

Kutafuta nyumba

Jina la Nyamirambo hubeba eneo kubwa kuliko lile la kwenye ramani. Biryogo, Rwezamenyo na Nyamirambo yenyewe ziko chini ya mirenge tofauti, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, katika Wilaya ya Nyarugenge, na umurenge ndiko utakakofuatilia mambo mengi ya karatasi. Kwa hiyo ukionyeshwa nyumba, uliza mara moja iko umurenge gani na, katika ngazi mbili za chini yake, akagari gani na umudugudu gani. Andika majina hayo. Utaulizwa kila unakokwenda, kuanzia zahanati hadi kituo cha polisi.

Nyumba nyingi za bei ya kawaida ziko ndani ya igipangu, yaani ua uliozungushiwa ukuta wenye nyumba kubwa ya mwenyewe na vyumba au nyumba ndogo za wapangaji pembeni. Kodi hupungua kadiri unavyoshuka kutoka barabara kuu kwenda bondeni. Usifanye hesabu ya kodi peke yake. Nyumba iliyo mwisho wa ngazi za udongo inakudai kila siku: mtungi wa gesi utabebwa na mtu utakayemlipa, moto, yaani pikipiki ya abiria, haitafika mlangoni, na mvua ikinyesha utafika kazini viatu vikiwa vyekundu. Mwenye watoto wadogo au mzazi mzee nyumbani namshauri alipe kidogo zaidi akae karibu na barabara ya mawe au ya lami.

Nenda ukaione nyumba mara mbili, mchana na usiku. Mchana fungua bomba. Maji ya Kigali hupewa mitaa kwa zamu, na juu ya mlima presha hupungua. Nyumba yenye tangi ina thamani kuliko nyumba yenye vigae. Kisha tafuta mita ya umeme, ambayo wote huiita cash power. Kama ni yako peke yako, nunua umeme kwa simu na maisha yaende. Kama wapangaji wanne wanatumia mita moja, uliza mbele ya wenzako jinsi mnavyogawana, kwa sababu hakuna ugomvi unaovunja ua haraka kama wa yule mwenye friji na yule mwenye balbu mbili. Usiku sikiliza. Nyumba iliyo nyuma ya baa haiwezi kujificha usiku.

Kuna swali zito kuliko hayo. Nyamirambo iko mlimani, na pande nyingi mteremko ni mkali. Jiji limekuwa likiwahamisha watu kutoka sehemu zinazoitwa amanegeka, penye hatari ya maporomoko na mafuriko, na nyumba zinazotakiwa kuondoka huwekewa alama ya X kwa rangi. Mwenye nyumba anayejua kuwa nyumba yake itabomolewa anaweza kukupangisha kwa bei ya kuvutia sana na kuchukua kodi ya miezi kadhaa mapema. Tembea kuzunguka nyumba na utazame kuta za majirani. Angalia kama kuna mfereji wa maji ya mvua na unaelekea wapi. Halafu muulize kiongozi wa umudugudu, siyo dalali, kama eneo hilo limo kwenye orodha. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na nyingine kuanzia Septemba hadi Desemba. Ukibahatika kutafuta nyumba wakati huo, nenda siku ya pili baada ya mvua: udongo utakueleza kila kitu.

Dalali anaitwa umukomisiyoneri, na utampata bila kumtafuta. Patana naye ada kabla hamjaanza kutembea, na muulize kama anadai chochote kwa kukuonyesha tu. Lakini nyumba bora za Nyamirambo hazifiki kwa dalali. Zinapita mdomoni. Shona nguo, nyoa nywele, kunywa chai sehemu moja wiki nzima, na useme wazi kuwa unatafuta chumba. Mama anayeuza maandazi anajua nani anahama mwezi huu kabla mwenye nyumba hajajua.

Ukipata, andikianeni mkataba hata kama mwenye nyumba ni mzee wa heshima na unaona haya kumwomba. Mwambie ni kwa ajili ya karatasi zako za ukaazi, jambo ambalo ni kweli. Kodi itajwe kwa faranga za Rwanda. Wengine huomba miezi mitatu kwa mkupuo. Wengi hukubali mwezi mmoja mmoja wakishakuona unalipa tarehe ileile. Lipa kwa simu, ubaki na ushahidi.

Isibo yako

Hapa ndipo wageni wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania hushangaa. Mnyarwanda wa mjini hupangwa hadi ngazi ya kaya chache: juu ni umurenge, chini yake akagari, chini yake umudugudu, na chini kabisa isibo, kaya kama 15 hadi 20 chini ya kiongozi anayeitwa mutwarasibo. Huyu ni jirani yako, si afisa wa ofisini. Wiki ya kwanza nenda ukamsalimie. Chukua pasipoti au kitambulisho chako, mweleze umetoka wapi, unafanya kazi gani, mko wangapi nyumbani, na mwachie namba ya simu. Ndugu yako akija kukaa siku kadhaa, mpe taarifa. Usione kuwa ni kupelelezwa. Ukiugua usiku, mtoto akipotea, mwenye nyumba akikugeuka, ndiye atakayegonga milango.

Zipo ada ndogo za kila mwezi utakazoombwa, moja ya irondo, walinzi wa usiku, na nyingine ya kubeba taka. Uliza ni kiasi gani na nani anakusanya, halafu ulipe bila kusubiri kukumbushwa. Taka hukusanywa siku maalumu. Kuzitoa siku nyingine ukaziacha njiani ni kosa ambalo jirani hasahau.

Kisha umuganda. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, nchi nzima hutoka kufanya kazi ya pamoja: kuzibua mifereji, kufyeka, kupanda miti, kutengeneza njia. Wenyeji wa umri wa miaka 18 hadi 65 wanatakiwa kushiriki, maduka hufungwa, magari hupungua barabarani. Mgeni hakatazwi kubaki ndani, ila nakusihi utoke. Beba jembe au uazime kwa jirani. Kazi ikiisha hukaa mkutano ambapo hutajwa mambo ya mtaa: nani amefiwa, bomba gani limepasuka, serikali imeagiza nini. Ukikaa katika mikutano miwili mitatu utakuwa umefahamu Nyamirambo kuliko mtu aliyeishi hapo mwaka mzima akiwa nyuma ya pazia, na watu watakuwa wamekufahamu wewe.

Kelele ni jambo la kuchunga. Jiji halicheki nazo. Mwaka 2018 misikiti ya Wilaya ya Nyarugenge iliagizwa kuacha kutoa adhana kwa vipaza sauti, na mamia ya makanisa ya Kigali yakafungwa kwa sababu za kelele na usalama wa majengo. Tangu Septemba 2023 baa na sehemu za starehe hufungwa saa 7 usiku siku za kazi na saa 8 usiku mwishoni mwa wiki. Nyamirambo imejulikana muda mrefu kuwa mtaa usiolala, na bado ndio unaochelewa kulala Kigali, lakini sherehe ya kuzaliwa yenye spika uani itakuletea polisi. Waambie majirani mapema, punguza sauti mapema, na wapelekee sahani.

Ulimi wako

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Nyamirambo hakikusubiri sheria. Utakisikia kwa fundi cherehani, kwa muuza nyama, msikitini, kwa madereva, kwa wamama wa Kikongo wanaouza vitenge. Tumia kwa uhuru. Ila usikifanye kuwa fimbo. Sisi tuliokulia Tanzania na Mombasa tuna tabia ya kucheka Kiswahili cha wengine, tukimsahihisha mtu ngeli katikati ya maneno yake. Kiswahili cha Nyamirambo kina Bukavu ndani yake, kina Bujumbura, kina Kifaransa na Kinyarwanda, na watu wake wamekitunza zaidi ya miaka mia moja bila shule kuwasaidia. Msikilize mtu amalize. Ukikaa muda, utajikuta unasema kama wao.

Na jifunze Kinyarwanda kuanzia siku ya kwanza. Vijana wengi wa mtaani wanaelewa Kiswahili lakini wanapenda kujibu kwa Kinyarwanda au Kiingereza. Wazee waliosoma zamani watakuongelesha Kifaransa. Ofisi ya akagari na foleni ya hospitali ni Kinyarwanda. Anza na salamu: mwaramutse asubuhi, mwiriwe kuanzia mchana, muraho kwa mtu ambaye hamjaonana muda mrefu, murakoze kwa kushukuru. Mzee ni muzehe. Mwanamke mwenye mtoto muite kwa jina la mtoto wake, kama nyumbani. Waislamu waliokwenda Makka huitwa Hajji na Hajati, na wanalisikia jina hilo kwa furaha. Saa hakuna taabu, Wanyarwanda huzihesabu kama sisi, kuanzia alfajiri. Ila kumbuka Kigali iko nyuma ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa saa moja, na sawa na Bujumbura, Goma na Bukavu. Rekebisha simu kabla hujakosa miadi.

Kuna swali moja la kawaida kwetu ambalo hapa huliulizi kamwe: kabila lako ni lipi? Kenya huulizwa kabla ya chai kupoa, Tanzania huulizwa ili watu wataniane. Rwanda, Aprili 1994, jibu la swali hilo liliamua nani auawe. Usilizungushe kwa kuuliza mtu anatoka kijiji gani, wazazi wake walikuwa wapi wakati ule, mbona ana sura ile. Majirani zako wa uani wanaweza kuwa waliofiwa na ukoo mzima, au waliorudi kutoka uhamishoni wakakuta magofu, au wenye ndugu waliofungwa kwa kuua. Wapo pia, hasa Biryogo, Waislamu waliowaficha majirani zao ndani ya nyumba na misikiti, na hilo limeandikwa na kutambuliwa. Mtu akitaka kukusimulia, atakusimulia mwenyewe siku yake, nawe kazi yako ni kunyamaza na kusikiliza.

Kumbukumbu ya mauaji hayo huanza tarehe 7 Aprili. Wiki hiyo ya kwanza muziki hunyamaza, harusi hazifanywi, starehe husimama, watu hukutana kwenye mitaa yao kukumbuka. Hudhuria ukialikwa na umudugudu, vaa nguo za heshima, zima simu. Usipange kuhamia wala kualika wageni siku hizo. Kumbukumbu huendelea kwa siku 100, hadi mapema Julai, na katika miezi hiyo yote jirani anaweza kuwa na siku yake ya msiba ambayo haipo kwenye kalenda ya taifa. Akifunga mlango, mwachie. Pia fahamu kuwa maneno ya kubeza mauaji hayo au kuchochea ubaguzi ni kosa la jinai, na utani wa makabila uliozoea kuufanya kwenu hautapata mtu wa kuucheka.

Kula, kuvaa, kutembea

Mshahara wako utadumu au hautadumu kulingana na unakokula. Rwanda haina bahari. Mizigo yake mingi inashushwa Dar es Salaam na kupita Rusumo kwa lori. Kila kilichosafiri hivyo kina bei ya safari. Nunua kinachoota hapa: viazi vya kaskazini kwenye udongo wa volkeno, maharage, ndizi, dodo ambayo ndiyo mchicha, majani ya muhogo ya isombe, maparachichi. Nenda sokoni na kikapu chako, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008 na inaweza kuchukuliwa hata mpakani ukiwa umeijaza kwenye begi.

Mchana tafuta mélange. Unachukua sahani moja na kuijaza mara moja tu: wali, viazi, ndizi, maharage, mboga, na kipande cha nyama ambacho kwa kawaida utahesabiwa. Utaona watu wamejenga mlima kwenye sahani kwa ustadi, nawe utazoea. Jioni ni mishikaki, ambayo huitwa brochette, pamoja na ndizi za kuchoma. Zipo kantini za maziwa, ambapo mtu hukaa na bilauri kubwa ya maziwa moto au mtindi unaoitwa ikivuguto, na maandazi pembeni. Kwa aliyezoea chai ya tangawizi, Biryogo ni nyumbani. Kuanzia 2021 sehemu ya barabara zake imefungwa kwa magari, ikapakwa rangi na kupangwa meza, na jioni imejaa familia, wanafunzi na wafanyakazi wa ofisini waliotoka upande wa pili wa jiji. Kuna chai na nyama choma. Pombe haiuzwi hapo. Anayeitaka anapanda juu kidogo na wala hagombani na mtu. Mwezi wa Ramadhani nenda wakati wa kufuturu hata kama hufungi. Utapewa tende na mtu usiyemjua.

Nguo zinastahili maneno zaidi, maana hapo ndipo mgeni wa Tanzania au Uganda huchanganyikiwa. Mwaka 2016 serikali ilipandisha sana ushuru wa mitumba ili kulinda viwanda vya ndani, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Rwanda haikurudi nyuma. Hivyo shati la mtumba ulilozoea kulinunua kwa senti kidogo nyumbani, hapa si rahisi hivyo. Mkombozi ni fundi cherehani wa Nyamirambo. Wako kwenye baraza za barabara kuu na kwenye vichochoro vya ndani, wanaume kwa wanawake, wengine wakirithi kazi kutoka kwa babu waliokuja na misafara ya zamani. Nunua kitambaa mwenyewe, mpelekee mmoja nguo ndogo kwanza, mwone anavyopiga mshono wa ndani. Ukimpata aliye mwaminifu, usimkimbie kwa sababu wa jirani amepunguza bei kidogo. Fundi wako ndiye atakayekupa habari za nyumba, za shule, za daktari. Wapo pia wanawake wa Nyamirambo Women's Center, chama kilichoanzishwa 2007 na wanawake 18 wa mtaani, wanaoshona bidhaa za kuuza na kuwatembeza wageni mtaani kwa miguu. Ukifika mpya, matembezi yao yanafaa hata kwa mtu anayekuja kuishi. Yanakuonyesha nyumba kwa nyumba kile ambacho ungekijua baada ya miezi.

Kusafiri hakuna maneno mengi. Basi zinazotoka nchi jirani zinaishia Nyabugogo, bondeni upande wa kaskazini, na kutoka hapo unapata basi la Nyamirambo au moto. Mabasi ya jiji hulipiwa kwa kadi ya Tap&Go, si kwa fedha mkononi; inunue siku ya kwanza. Moto hubeba abiria mmoja, na wewe pia huvaa kofia. Kama kamba yake haifungi, omba nyingine. Mitaa ina namba zinazoanza na KN, lakini dereva wa moto atakuelewa zaidi ukitaja alama: Kwa Kadhafi, penye kituo cha Kiislamu kilichojengwa kwa msaada wa Libya, shule ya Saint André, Tapis Rouge, uwanja wa mpira wa vijana, Ryanyuma, kituo cha mwisho. Magari hapa hupita kulia, kwa hiyo aliyetoka Kenya, Uganda au Tanzania atazame upande mwingine kwanza kabla ya kuvuka. Siku za mechi kwenye uwanja wa Kigali Pelé, uliokuwa ukiitwa uwanja wa Nyamirambo hadi 2023, ongeza muda wa safari au, bora zaidi, nunua tiketi.

Malipo madogo yote, hata ya nyanya, yanafanyika kwa simu, na duka huandika namba yake ukutani. Huduma za serikali, pamoja na maombi ya viza na vibali, zinapitia Irembo. Ukishindwa kutumia mtandao, mawakala wao wako mtaani na watakusaidia kwa ada. Polisi ni 112, gari la wagonjwa ni 912. Biryogo kuna kituo cha afya. Nenda ukaione njia yake ukiwa mzima.

Kodi inayopanda

Nyamirambo inabadilika. Maghorofa yanainuka barabarani, vyumba vilivyokuwa vya mafundi vinageuzwa kuwa nyumba za wageni wa muda, na wenye nyumba wameanza kujua kuwa mgeni mwenye mshahara wa shirika anaweza kulipa mara mbili. Wewe unayesoma mwongozo huu unaweza kuwa sehemu ya bei hiyo. Usikubali kodi ya juu kwa sababu tu ukilinganisha na kwenu unaiona ndogo. Uliza wapangaji wenzako wanalipa kiasi gani na upatane karibu na hapo. Usiipiku familia iliyokuwa ikiongea na mwenye nyumba kwa kuweka mezani kodi ya mwaka mzima. Kila chumba kinachopanda bei kwa namna hiyo kinamsukuma mama wa maandazi na fundi wako nje ya jiji, na wakiondoka wao, ule unafuu uliokuleta utaupata kwa nani?

Siku utakayohama, mpe mwenye nyumba taarifa mwezi mmoja kabla, kwa maandishi. Lipa irondo na taka hadi siku ya mwisho, malizia umeme uliobaki au mwachie jirani, na umuage mutwarasibo. Halafu mtafute mtu unayemwamini anayehitaji chumba, mtambulishe kwa mwenye nyumba mkiwa mmekaa uani, na mpatane abaki kwenye kodi ileile uliyokuwa ukilipa wewe.